Wekundu wa Shavu

Shavu la mwanasesere hutiwa rangi mwisho, na hutiwa kabla ya moto. Nakwangua kijiti cha pasteli laini kwa wembe juu ya karatasi nyeupe, napata unga mdogo usiozidi ukucha, nauchota kwa brashi kavu, nakung'uta unaozidi, kisha nausugua polepole kwenye udongo wa polima ulio mbichi. Unashika papo hapo. Udongo huo ni chembe za plastiki ya PVC zilizochanganywa na mafuta ya kulainisha, na mafuta hayo ndiyo yanayofanya uso wake unate kidogo na kukamata vumbi. Ukiingia kwenye oveni, kwa joto la nyuzi 110 hadi 135 hivi kutegemea aina yake, chembe zile huvimba na kushikamana, na unga wa rangi hunaswa kwenye ngozi ya juu usitoke tena. Baada ya kuoka mlango umefungwa. Unga wowote utakaoupaka utateleza juu ya plastiki ngumu, na kidole kimoja kitaufuta.

Nimeyaeleza haya kwa sababu swali langu linakaa katika dakika hizo chache, udongo ukiwa umeshapata umbo na bado haujapata moto. Kichwa kisicho na rangi, hata kiwe na kope na mikunjo ya masikio, hakimshtui mtu. Kila anayeingia chumbani kwangu hukishika na kukigeuzageuza. Nikishatia wekundu kwenye mashavu na ncha ya pua, watu walewale huuliza kwanza kama wanaruhusiwa kukigusa.

Mimi ni Mwislamu. Nilisoma chuoni Kibokoni, Mombasa, kabla ya kuhamia Leicester, na tangu utotoni naijua hadithi iliyomo katika vitabu vya Bukhari na Muslim, kwamba watengenezaji wa sura wataamrishwa Siku ya Kiyama wazipe uhai sura walizozifanya, na hawataweza. Maalimu wetu aliisoma kwa sauti ya kutisha nasi tukatishika. Sasa naisikia kwa namna nyingine, kama mtu aulizwaye kuhusu kazi yake: ni wapi hasa mkono wako unapoanza kudai kilicho cha Mungu? Kila nikijiuliza, jibu linarudi kwenye brashi. Umbo ni la mfinyanzi yeyote. Rangi ya damu chini ya ngozi ndiyo inayosema huyu anapumua.

Wasioijua kazi hii hudhani rangi ya ngozi ni chupa moja. Mtoto wetu wa Kiafrika huzaliwa mweupe kuliko atakavyokuwa, ndiyo maana bibi zetu hukagua masikio na kingo za kucha ili wajue atashika rangi gani. Kwa hiyo sianzi na hudhurungi nzito. Nachanganya hudhurungi hafifu na udongo unaopitisha mwanga, ili nuru izame kidogo kabla ya kurudi. Pasteli ya kwanza ni manjano ya udongo kwenye paji la uso. Ya pili ni zambarau iliyofifia mno, juu ya kope na pembezoni mwa midomo. Hudhurungi iliyoiva huenda masikioni, kwenye mikunjo ya shingo na kwenye viungo vya vidole. Viganja na nyayo huziacha zilivyo. Pasteli za mafuta hazifai hata kidogo, kwa kuwa hazikauki wala hazisagiki kuwa unga. Shavu la mtoto huyu halitaki waridi, maana waridi ni shavu la mtoto mwingine. Linataka nyekundu ya matofali, ile ya oksaidi ya chuma, kwa kipimo kidogo sana. Wekundu wa damu nao unatokana na chuma kilichomo ndani yake. Kila nikiigusa rangi hiyo nalikumbuka jambo hili, na mkono wangu unapunguza kasi.

Vitu hivi viwili, udongo wa polima na pasteli, vyote vimekua katika kazi ya nyuso. Mwaka 1905 Käthe Kruse, mama wa Kijerumani, aliombwa mwanasesere na binti yake. Max Kruse, baba wa binti huyo na mchongaji wa sanamu, alikataa kununua wale wa dukani, akataka watengeneze wenyewe. Käthe akachukua taulo, akalijaza mchanga, na kichwani akaweka kiazi. Kutokana na kiazi hicho kikazaliwa kiwanda kinachojulikana mpaka leo. Binti yake mwingine, Sophie, aliyeitwa Fifi nyumbani, ndiye aliyefanya majaribio ya unga wa plastiki unaokandika na kuokwa, na mwaka 1964 mchanganyiko wake uliuzwa kwa kampuni ya Eberhard Faber, ukafika madukani kwa jina la Fimo. Pasteli ni ya zamani zaidi. Katika karne ya 18 Rosalba Carriera wa Venice aliwachora kwa pasteli wakubwa wa Ulaya, na Jean-Étienne Liotard wa Geneva akaishi Istanbul kuanzia 1738 hadi 1742, akachora nyuso kwa vumbi hilohilo. Waliipenda kwa sababu hakuna rangi inayoigiza ngozi kama chaki iliyosagwa. Adha yao ni kwamba picha za pasteli hupukutika. Hukaa nyuma ya kioo na haziguswi. Oveni imeiondoa adha hiyo. Sasa vumbi la shavu linakaa, na shavu lenyewe linabebeka mkononi.

Hapo ndipo maombi yalipoanza kunifikia.

Mama mmoja wa Kitanzania, Mkatoliki, aliniletea picha ya mwanawe aliyezaliwa wiki ya 24 akiwa ameshafariki. Alinieleza habari zake kwa utulivu, kama mtu aliyekwisha kuzirudia mara nyingi peke yake. Picha ilionyesha mtoto wa umri ule: ngozi nyembamba, nyekundu iliyokolea, uso usio na nyama bado. Alichokitaka ni mtoto wa kutosha kwenye viganja viwili, amelala, mashavu yamejaa, yana damu. "Kama angetimiza miezi yake," alisema. Nilimweleza kwa uangalifu habari za dini yangu, naye akanijibu neno ambalo sijaacha kulifikiria: "Dada, mimi sitaki sanamu. Nataka kitu cha kushika."

Sikumpa jibu siku ile. Nilirudi kwenye vitabu, na nilichokikuta ni kwamba huzuni yake ni ya kale sana katika mjadala huu.

Pliny, Mrumi aliyekufa mwaka 79 katika mlipuko wa Vesuvius, ameandika kwamba kufinyanga sura za watu kulianza Ugiriki, kwa binti wa mfinyanzi aitwaye Butades. Mchumba wake alikuwa anasafiri. Usiku, taa ikiwa imewaka, binti akafuata kwa mstari kivuli cha uso wa yule kijana ukutani. Baba yake akakijaza kivuli kile kwa udongo, akakikausha, akakichoma tanurini pamoja na vyungu vyake. Pliny anaongeza kwamba Butades ndiye aliyebuni kuutia udongo wekundu. Nilipoyasoma hayo niliiweka brashi chini. Kwa masimulizi hayo, uso wa kwanza wa udongo ulifanywa kwa ajili ya mtu anayeondoka, na kwa mkono huohuo ukaja wekundu.

Vitabu vya dini vinaitazama huzuni hiyohiyo kwa hofu. Katika Qur'ani, Sura ya Nuh, aya ya 23, inawataja Wadd, Suwaa, Yaghuth, Yauq na Nasr, na Bukhari amepokea maelezo ya Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, kwamba hao walikuwa watu wema. Walipokufa, jamaa zao wakaweka sanamu mahali walipokuwa wakikaa, kwa kuwakumbuka. Hazikuabudiwa. Ziliabudiwa baadaye, kizazi kilichojua sababu kilipotoweka. Na katika Hekima ya Sulemani, kitabu kilichomo kwenye Biblia ya yule mama mwenyewe, sura ya 14, chanzo cha ibada ya sanamu kinaelezwa kuwa baba aliyechomwa na msiba wa mtoto aliyenyakuliwa ghafla: akafanya mfano wake, kisha akawaachia watumwa wake taratibu za kuuheshimu. Dini mbili zimeweka mkono pahali pamoja. Mwanzo wa kuabudu sanamu zimeuona ndani ya nyumba ya msiba, kwa watu wasiokuwa na nia mbaya.

Wapo watakaonimaliza haraka kwa kusema: basi usifanye wanasesere kabisa. Siwakubalii, wala sizui hoja. Bibi Aisha, mke wa Mtume, alikuwa na wanasesere nyumbani kwake, na rafiki zake wakija hucheza nao. Abu Dawud amepokea kwamba Mtume aliona kati yao farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa, akauliza, na Aisha akamjibu kwa kumtajia farasi wenye mbawa wa Nabii Suleiman. Mtume akacheka mpaka magego yakaonekana. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye vitabu vyake vinasomwa katika pwani yetu ya Kishafii, ananukuu kauli ya Qadi Iyadh kwamba wanasesere wa watoto wametolewa katika katazo, na mojawapo ya sababu ni kuwazoesha wasichana malezi. Nimestaajabu kuona kwamba katika miaka ya 1920 Käthe Kruse alitengeneza kitoto kilichojazwa mchanga, kizito kama mtoto kweli, macho yamefumbwa, kikatumika kuwafundisha kina mama jinsi ya kumbeba mtoto mchanga. Qadi Iyadh alifariki mwaka 1149, na bado sababu yake inakifunika kitoto cha Kruse sawasawa.

Kuna na lile pazia la Aisha lenye picha. Liliponing'inizwa, Mtume alichukizwa nalo. Likakatwa, likafanywa mito, naye akaiegemea. Wanazuoni wengi wamejenga juu ya kisa hiki tofauti kati ya sura inayotukuzwa na sura inayokaliwa. Uzi ni uleule, picha ni zilezile. Kilichobadilika ni nani yuko chini ya nani.

Hapa ndipo niliposhika msimamo wangu, na nauweka wazi ili anayeweza kuupinga aupinge. Mtoto humtumikisha mwanasesere. Humlaza wakati hana usingizi, humkaripia kwa makosa ya watu wengine, humwogesha asipotakiwa kuogeshwa, humsahau chini ya kitanda. Mwanasesere aliyevunjika mkono ni mwanasesere aliyefanya kazi yake. Mashavu yake na yawe mekundu upendavyo: aliye juu yake anajua kuwa yeye ndiye mwenye roho. Lakini katika maonyesho ya wanasesere hapa Uingereza nilikutana na mama aliyekuwa na kitoto cha udongo ndani ya kisanduku chenye blanketi na kofia ya sufu. Nilipomsalimu, aliniomba nishushe sauti. Hakuwa na wazimu. Alizungumza nami vizuri kuhusu bei na vanishi. Ila alikuwa ameingia katika utumishi, na aliyekuwa akitumikiwa hakuwa mwanawe.

Yule mama wa Kitanzania angeweza kunijibu kwa elimu ya kanisa lake, nami sitaki kuipita hoja hiyo kimya kwa sababu yeye hakuisema. Yohane wa Damasko, aliyekulia chini ya utawala wa Banu Umayya, aliitetea heshima ya picha takatifu, na Mtaguso wa pili wa Nikea, mwaka 787, ukaamua kwamba heshima inayotolewa kwa picha inapita na kumfikia anayewakilishwa. Ni hoja yenye nguvu. Mimi, ambaye sikulelewa nayo, naona inawalinda mamilioni ya watu wanaopiga magoti mbele ya Bikira Maria bila kuuabudu mti wala rangi. Sharti lake, hata hivyo, ni kwamba awepo wa kufikiwa. Heshima ya picha ya mtakatifu inapita kwa sababu mtakatifu aliishi, na picha inamfuata yeye. Nilichoombwa kilikuwa na mashavu ya mtoto wa miezi tisa. Mtoto yule hakufika huko. Ningekifanya, mapenzi ya mama yake yangepita kwenda kwa nani? Kwa mtoto ambaye hajawahi kuwepo, mzuri kuliko yule aliyekuwepo, na kila siku akimtazama angezidi kumfuta mwanawe halisi, yule mwembamba mwekundu aliye kwenye picha.

Kwa hiyo kilichonizuia mwisho wa yote kilikuwa ukweli kuhusu mtoto mmoja. Hadithi za sura zilinifikisha mlangoni, na nazishukuru, maana bila hizo nisingesimama kutafakari. Ningeangalia bei na kufungua kisanduku cha pasteli. Unga wa nyekundu ya matofali juu ya mashavu yale ungekuwa ushahidi wa uongo, na oveni ingeupiga muhuri.

Usiniulize kuhusu picha za kamera kana kwamba ni jambo lilelile. Picha ya marehemu baba yangu iko ukutani kwangu. Ni bapa, ina tarehe nyuma, inasema alikuwepo. Kitoto chenye uzito, chenye baridi inayopotea ukikishika, kinasema yupo. Wala sikubali hoja ya wale wanaosema udongo huu hauna chembe ya udongo ndani yake, ni plastiki tupu, hivyo maneno ya vitabu hayauhusu. Mbao, jiwe, uzi na kiazi vimekuwa sura za watu. Jambo hili liko kwenye uso, na kwa anayeuangalia.

Nilimpigia simu yule mama, nikamwambia naweza kumfanyia unyayo wa mwanawe, kwa kipimo chake hasa, usiofika sentimita tano, kwa rangi aliyokuwa nayo kweli. Kiungo bila kichwa si sura ya kiumbe. Jibril, katika riwaya ya Abu Dawud na Tirmidhi, aliagiza kichwa cha sanamu kikatwe ili ibaki kama mti. Na Ibn Abbas, alipoendewa na mtu ambaye riziki yake ilikuwa kutengeneza sura, alimwelekeza kwenye miti na visivyo na roho. Nikamwambia pia naweza kumfanyia tawi la asumini, vikonyo vikiguswa pasteli ya waridi chini ya ua kama vilivyo vya kweli. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Nyayo ninazo, hospitali walinipigia kwa wino kwenye karatasi," alisema. "Mimi nautaka uso." Akaniaga kwa adabu. Baadaye nikasikia amempata fundi mwingine.

Simlaumu, na siombi mtu yeyote amlaumu. Namlaumu nani basi? Nawalaumu watu waliomzunguka, na ninajua ni watu wa aina gani kwa kuwa nimekulia kati yao. Aliniambia kwamba katika miezi yote tangu msiba hakuna ndugu aliyemuuliza mtoto alikuwa anaitwaje. Nasi Waislamu wa pwani hatuwazidi. Sheria tunayoifuata inataka mtoto aliyetimiza miezi minne tumboni na kuonekana umbo la binadamu aoshwe, avikwe sanda, azikwe. Na imependekezwa apewe jina. Ibn Majah amepokea kwamba mimba iliyotoka itamvuta mama yake kwa kitovu mpaka Peponi, ikiwa alisubiri kwa kutaraji malipo. Dini imempa mtoto huyu mwili, jina, kaburi na kazi ya kufanya Akhera. Sisi tumempa kauli ya "bado u kijana, utapata mwingine," na matanga yasiyowekwa. Kisha mama akitafuta kitu cha kushika tunamkumbusha adhabu ya watengenezaji wa sura.

Mwenye kukataza sura ana deni. Nimekataa kuutia uso ule wekundu, nami nadaiwa kumsikiliza mwenye msiba kwa muda uleule ambao ningeutumia kuukwangua unga. Nawaomba mafundi wenzangu, wa dini yoyote, mwulize mtu kitu anachokiagiza kitafanya kazi gani nyumbani kwake, na mwulize kabla ya kufungua kijiti chekundu, kwa kuwa baada ya oveni hakuna cha kuuliza. Na wewe usiye fundi, ukisikia jirani amepoteza mimba ya miezi sita, usimhubirie wala usimhesabie umri. Nenda ukae naye, umuulize mtoto walimpa jina gani, na siku nyingine mkionana umtaje kwa jina hilo.